Mama ana skizofrenia. Je, mimi na watoto nitakaowazaa?

BARUA

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 32, na nina mdogo wangu mmoja wa kiume mwenye miaka 20. Mama yetu alianza kuugua nikiwa na miaka 14. Ilianza kwa kukosa usingizi. Usiku alizunguka ndani ya nyumba akijibizana na watu tusiowaona, na mchana hakutaka tunywe maji kabla hajayaonja yeye, kwa kuwa aliamini kuna mtu anayatia sumu. Watu wazima walisema kila mmoja lake: mawazo mengi, laana, hasira za ndoa. Miaka ilipita kabla daktari wa magonjwa ya akili hajatuambia kwamba huo ni ugonjwa uitwao skizofrenia.

Tangu apate dawa zinazomfaa, mama ana vipindi virefu vya utulivu. Anashona, anasoma magazeti, anatutania. Lakini amewahi kuzidiwa na kulazwa tena, na kila ikitokea nakumbuka sauti ya mwanafunzi mwenzangu aliyeniambia mbele ya darasa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Yupo pia mjomba wa mama ambaye habari zake hukatizwa kila zinapoanza kusimuliwa.

Sasa nina mchumba, mwanamume mpole ambaye tumekubaliana kuoana. Ameonana na mama akiwa katika utulivu wake, wakapatana vizuri. Anajua mama hutumia dawa kila siku. Hajauliza ni za nini, nami sijamwambia. Anapenda sana watoto, na akianza kuwataja majina mimi hubadilisha mazungumzo. Mama mdogo ananishauri ninyamaze, niolewe kwanza, maana siri ya mtungi aijuaye kata. Rafiki yangu wa karibu ananiambia nimweleze kila kitu, ila kuhusu kuzaa anasema, "Ningekuwa wewe, nisingethubutu."

Mdogo wangu naye ameongeza moto. Amesoma mahali kwamba skizofrenia ni ya kurithi kwa asilimia 80. Anasema mimi na yeye tumeshahukumiwa. Yeye huvuta bangi karibu kila siku, na nikimkanya ananijibu kwamba kama ugonjwa umo kwenye damu, bangi haiongezi wala haipunguzi. Anataka sote wawili tununue kile kipimo cha vinasaba cha kutuma mate kwa posta ili tujue moja.

Mimi mwenyewe najichunguza mpaka nachoka. Nikisahau nilipoweka funguo, moyo unanilipuka. Juzi nikiwa nimeanza kusinzia nilisikia jina langu likiitwa, nikainuka, hakuna mtu. Sikulala tena usiku ule. Nikihuzunika siku mbili mfululizo najiuliza kama ndiyo imefika.

Shangazi, nimwambie mchumba wangu? Nikapime? Na je, ni haki nizae mtoto huku nikijua ninachobeba?

*Binti wa Mama*

JIBU

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeuliza maswali matatu, lakini yote yamesimama juu ya neno moja uliloliweka mwishoni kama jambo lisilo na shaka: kwamba unajua unachobeba. Naomba tuanze na neno hilo, maana sidhani kama unajua, na sidhani kama yupo mtu anayeweza kukuambia.

Namba aliyoisoma mdogo wako ipo kweli. Watafiti wamelinganisha mapacha wanaofanana kabisa na mapacha wasiofanana, na hesabu zao zinakaribia asilimia 80. Lakini namba hiyo inajibu swali tofauti na lenu. Inasema kwamba katika jamii zilizopimwa, sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtu na mtu katika uelekeo wa kupata ugonjwa huu inaendana na tofauti za vinasaba vyao. Ni kipimo cha kundi, katika mazingira ya kundi hilo. Hakisemi kwamba mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 80 wa kuugua, na hakisemi kwamba mazingira hayana nguvu.

Urefu wa mwili unaonyesha jambo hilo vizuri. Nao hurithiwa kwa kiwango kama hicho, karibu asilimia 80. Hata hivyo, wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 walikuwa warefu kuliko waliozaliwa mwaka 1896 kwa sentimita 20 hivi. Vinasaba vya taifa zima havigeuki kiasi hicho ndani ya miaka 100. Kilichogeuka ni lishe, maradhi ya utotoni na matibabu. Kitu kinaweza kurithiwa sana na bado kikasogezwa mbali sana na maisha ambayo watu wanaishi.

Turudi kwenye ugonjwa wa mama. Katika watu wote, anayeupata maishani ni kama 1 kati ya 100, pengine pungufu kidogo. Kwa mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaumwa, makadirio yanayotumika sana ni 10 hadi 13 kati ya 100. Kwa wajukuu, ni kama 5. Na kwa mapacha wanaofanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, mmoja akiugua, mwenzake huugua katika theluthi hadi nusu ya visa. Hapo ndipo napenda mdogo wako asimame kidogo afikirie. Kama ugonjwa ungekuwa umeshaamuliwa kwenye damu, pacha wa pili angeugua kila mara.

Sikupi namba hizi ili nikunyamazishe. Kumi ni mara kumi ya moja, na anayeugua haponeshwi na takwimu. Hofu yako ina msingi. Ila kati ya watu 100 waliozaliwa na mama au baba mwenye ugonjwa huu, karibu 90 hawaupati, na wewe umekuwa ukiishi kana kwamba hao 90 hawapo. Tena una miaka 32. Kwa wanawake ugonjwa huu huanza zaidi katika miaka ya ishirini, ingawa wapo wachache wanaoupata baadaye, hata baada ya miaka 45. Sehemu kubwa ya umri wa hatari umeipita, japo si yote.

Watu hupenda kuuliza: ni damu au ni malezi? Jahazi likifika bandarini, huwezi kukata safari ukasema nusu hii ni ya tanga na nusu ile ni ya upepo. Tanga bila upepo ni kitambaa kinachoning'inia, na upepo bila tanga hausukumi chombo popote. Vinasaba na mazingira hufanya kazi namna hiyo katika mambo mengi ya mwili na akili, kuanzia kisukari na shinikizo la damu hadi magonjwa ya akili.

Yapo magonjwa ambayo kinasaba kimoja kinatosha. Ugonjwa wa Huntington ni mfano: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi hitilafu yake, na aliyeirithi kikamilifu ataugua akiishi vya kutosha. Hitilafu hiyo ilitambuliwa mwaka 1993, na kwa ugonjwa ule kipimo kinaweza kujibu ndiyo au hapana. Nadhani ninyi wawili mmekuwa mkifikiria skizofrenia kwa sura hiyo. Haiko hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa kimataifa walitangaza sehemu 108 za vinasaba zinazohusiana nayo. Kufikia mwaka 2022 zilikuwa 287. Kila moja huongeza hatari kwa chembe tu, na kila mmoja wetu anazo baadhi, nikiwemo mimi ninayekujibu. Yapo mabadiliko machache adimu yenye nguvu zaidi, kama kupotea kwa kipande fulani cha kromosomu ya 22, mmojawapo wa nyuzi zinazobeba vinasaba, lakini hayo ni kwa wagonjwa wachache.

Kwa hiyo kipimo cha mate. Kampuni inaweza kujumlisha chembe hizo na kukupa alama. Alama hiyo haiwezi kukuambia kama utaugua. Watu wenye alama ya juu wengi hawaugui, na wapo wenye alama ya chini wanaougua. Zaidi ya hayo, hesabu hizo zimejengwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa watu wa asili nyingine, hasa Waafrika, usahihi wake hupungua. Ukiniuliza hofu yangu iko wapi, iko kwenye siku majibu yatakapofika. Yakiwa mabaya, utayasoma kama hukumu. Yakiwa mazuri, mdogo wako atayasoma kama ruhusa ya kuendelea na bangi. Nanyi mtakuwa mmekabidhi taarifa za miili yenu, na za mama yenu pia kwa njia hiyo, kwa watu msiowajua. Kama bado mnataka kujua zaidi, daktari anayeshughulikia magonjwa ya kurithi anaweza kuketi nanyi, akachora ukoo wenu hadi kwa yule mjomba wa mama, na kuwaambia kama kuna sababu yoyote ya kupima.

Sasa mdogo wako, ambaye katika barua yote ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Ana miaka 20, mwanamume, umri ambao kwa wanaume ugonjwa huu huanza kujitokeza. Na amejenga hoja inayomruhusu kufanya jambo ambalo kwa mtu wa ukoo wenu ni la kuogopwa kuliko kwa mwingine. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kufuatilia vijana wapatao 45,000 walioandikishwa jeshini. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walikuja kuugua skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta kabisa. Sababu nyingine zilipoingizwa kwenye hesabu, tofauti ilipungua, lakini haikutoweka. Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba baadhi ya vinasaba vinavyomweka mtu karibu na ugonjwa huu ndivyo pia vinavyomvuta kwenye bangi, au kwamba kijana huvuta ili atulize dalili ambazo hajazitambua. Inawezekana yote ni kweli kwa pamoja. Lakini hata hivyo, bangi ni miongoni mwa mambo machache katika habari yenu yanayoweza kubadilishwa leo. Damu yake hawezi kuibadilisha.

Kumkanya umeshajaribu. Pengine muulize anapata nini akivuta: usingizi, utulivu, kusahau? Amekua bila kumjua mama yake kabla ya ugonjwa, na huenda anaogopa kuliko wewe, ila yeye hofu yake ameivalisha ukali. Ukiona anajitenga, anamshuku kila mtu, usiku na mchana wake umegeuka, au anasikia sauti akiwa macho, usisubiri. Matibabu yanayoanza mapema huleta nafuu bora kuliko yanayochelewa, na ninyi mlipoteza miaka kwa mama kwa sababu hakuna aliyejua anachokiona. Ninyi mnajua.

Wewe je? Kusikia jina lako likiitwa wakati usingizi unakuchukua huwapata watu wengi wazima wasio na ugonjwa wowote. Kusahau funguo kunaeleweka kwa mtu asiyelala. Huzuni ya siku mbili kwa binti aliyelea mdogo wake huku mama akiwa hospitalini ni huzuni. Ninachokiona katika maelezo yako ni mtu aliyechoka kwa kujilinda, na uchovu huo unastahili kutibiwa wenyewe. Zungumza na mnasihi au daktari, mweleze historia ya nyumbani, mkubaliane dalili zipi zikidumu utarudi kwake. Jambo hilo likiwa mikononi mwa mtu mwingine anayelijua, huenda ukapata ruhusa ya kulala.

Kuhusu watoto, umeuliza kama ni haki. Nitakueleza kwanza kwa nini swali hilo hunishtua kila nikilisikia kwa sura hiyo. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi nchini Ujerumani ulitunga sheria ya kuwahasi watu wenye magonjwa yaliyoitwa ya kurithi, na skizofrenia ilikuwa mojawapo. Watu wapatao 400,000 walihasiwa, na baadaye wagonjwa wengi waliuawa hospitalini. Ugonjwa haukuisha. Baada ya vita, wagonjwa wapya waliendelea kupatikana, kwa sababu wengi wanaougua huzaliwa na wazazi wasio na ugonjwa huo. Sisemi rafiki yako ana fikra hizo. Anakupenda na anaogopa. Ila wazo kwamba kuna watu ambao damu yao haifai kuendelea limeshajaribiwa kwa ukatili wote, na lilikuwa la uongo hata kwa kipimo chake lenyewe.

Hilo halimaanishi ni lazima uzae. Wapo watu wa hali yako wanaozaa kwa macho wazi. Wapo wanaochagua kutozaa na maisha yao yakawa kamili. Wapo wanaolea watoto wa kuasili. Kila njia ina gharama yake. Ukizaa, itabidi uishi na hatari ambayo kwa mtoto wako ni ndogo kuliko yako lakini si sifuri, na ujihadhari usimtazame kila anapokasirika kama unavyojitazama wewe. Usipozaa kwa sababu ya hofu peke yake, hofu ikija kupungua utabaki na huzuni nyingine. Na jambo hili si lako pekee. Mchumba wako hawezi kuchagua kitu asichokijua.

Mazingira nayo yana neno lake hapa. Nchini Finland, Pekka Tienari na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto wa kuasili ambao mama zao wa kuwazaa walikuwa na skizofrenia au magonjwa yanayokaribiana nayo. Waliokulia katika familia zenye ugomvi na mawasiliano mabovu waliugua zaidi. Waliokulia katika familia zenye afya waliugua kwa nadra zaidi. Kwa watoto wasio na hatari ya urithi, aina ya familia haikuleta tofauti kubwa ya namna hiyo. Vivyo hivyo, watoto waliotungwa mimba wakati wa njaa kali ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945, na ile ya China ya 1959 hadi 1961, walikuja kuugua karibu mara mbili ya wengine, kwa hiyo lishe na huduma nzuri wakati wa ujauzito si jambo dogo. Lakini nakuomba usiyageuze haya kuwa fimbo. Kulikuwa na kipindi, katikati ya karne iliyopita, madaktari waliwalaumu akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowafanya watoto waugue. Waliwaumiza wazazi wengi bure. Nyumba tulivu inasaidia. Nyumba yenye misukosuko haitoshi kumtia mtu ugonjwa huu.

Imebaki habari ya mchumba. Mama mdogo anakulinda kwa njia anayoijua, na huenda ameshuhudia uchumba ukivunjika. Ukinyamaza, utapata harusi, lakini mama akizidiwa tena mumeo atajua, na wakati huo utakuwa na mambo mawili ya kueleza: ugonjwa na ukimya. Ukisema sasa, anaweza kuondoka. Siwezi kukuahidi kwamba hatafanya hivyo. Anaweza pia kunyamaza wiki nzima, au kuuliza maswali yatakayokuuma, na hayo hayamaanishi ameondoka. Ukiamua kusema, usianze na asilimia. Anza na mama, jinsi alivyo, kisha mwende pamoja kwa daktari wake kama yuko tayari. Kuna mtu anayepokea habari nzito vizuri zaidi akiisikia kwa anayeijua.

Kabla ya hapo, lipo jambo ambalo sikuliona popote katika barua yako. Mama mdogo ameshauri, rafiki ameshauri, nami nimeulizwa. Mama mwenyewe hajaulizwa. Unasema yuko katika utulivu, anasoma magazeti na anatania. Ugonjwa unaotaka kuutangaza au kuuficha ni wake, na yeye ndiye anayeujua kwa ndani. Mwambie umefikia kuolewa na unataka mchumba wako ajue. Muulize angependa aelezwe nini, kwa jina gani, na kama angependa kumwambia yeye mwenyewe. Muulize pia habari za yule mjomba wake. Inawezekana amekuwa akingoja mtu wa kumsimulia bila kukatizwa.